Jamu ya mapera kwa ambaye hajawahi kupika jamu

Kila anayekuja kwangu kujifunza jamu anakuja na nanasi. Nanasi la Kiwangwa, tamu, linanukia mpaka barazani, na mimi namwambia alile tu, kesho aje na mapera.

Si kwamba nanasi halifai. Tatizo ni kwamba lina pektini kidogo mno, na anayeanza akipika kitu kisichotaka kuganda anaongeza moto, anaongeza muda, mwisho anaambulia kitu cha rangi ya chai kinachonata menoni kama kashata iliyoharibika. Kisha anasema jamu ni ngumu.

Pektini ndiyo gundi ya tunda. Imo kwenye nyama, na zaidi kwenye maganda na karibu na mbegu. Tunda likichemshwa hutoka ikaingia kwenye maji; ikikutana na sukari nyingi na uchachu wa kutosha hushikana, maji yakakosa pa kwenda, na hapo ndipo tunasema jamu imeganda. Kimoja kikikosekana kati ya hivyo vitatu, yaani pektini, uchachu na sukari, unapata sharubati nzito. Pera lina pektini ya kumwaga. Uchachu wake ni wa wastani, tunausaidia kwa ndimu. Halafu halina gharama: mpera mmoja wa uani ukizaa unazaa kwa fujo, watoto wanashiba, popo wanashiba, na bado asubuhi unafagia.

Vitu vya kuandaa

Mapera kilo 2 na mengine machache ya akiba, sukari nyeupe kilo moja na nusu (itabaki), ndimu nne zenye maji, na maji safi robo tatu ya lita. Mizani ya jikoni ni muhimu kuliko unavyodhani. Ukikosa kabisa, kikombe kimoja cha sukari kina gramu 200 hivi, lakini mapera kwa vikombe ni kubahatisha.

Sufuria iwe kubwa, jamu isizidi theluthi ya kimo chake. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na tunda chachu likilala humo hutoka na ladha ya chuma. Kama unayo ya stenlesi, tumia hiyo. Kama huna, pikia hiyo hiyo ya alumini, ila usiache rojo lilale humo, likiiva litoke. Mwiko mrefu wa mti, upawa, chungio pana la waya, sahani mbili ndogo, na chupa tano za kioo za gramu 400 pamoja na vifuniko vyake. Basi.

Hatua ya 1: Kuchagua na kukata

Usichukue yaliyoiva pekee. Pera likizidi kuiva pektini yake huvunjika, ndiyo maana linalegea. Mimi katika kila mapera manne natia matatu yaliyoiva na moja gumu, la kijani linaloanza kugeuka manjano. Yaliyoiva yanaleta harufu, lile gumu linashika kazi ya kugandisha. Mapera mekundu ndani yanatoa jamu ya rangi ya tofali, meupe yanatoa rangi ya asali. Kwa ladha sioni tofauti, ila wanaonunua kwangu wanagombea nyekundu.

Osha, kata vichwa na vitako, kisha pasua kila pera katikati. Kila moja, bila kuamini sura ya nje. Nzi wa matunda hutaga mayai ndani ya pera likiwa bado mtini, na tangu yule nzi wa kutoka Asia agunduliwe Kenya mwaka 2003 na kuenea ukanda huu wote, ngozi safi si ushahidi. Mara nyingi utaona kidoa cha majimaji, kama mahali palipobonyezwa na kidole, na ndani nyama imekuwa kahawia. Ukikuta funza, tupa pera zima, usikwangue upande mmoja ukabakiza mwingine. Akiba niliyokuambia ni ya hasara hii.

Usimenye wala usitoe mbegu. Kata robo robo tu.

Hatua ya 2: Kuchemsha bila sukari

Tia mapera na maji kwenye sufuria, funika, moto wa wastani, dakika 25 hadi 30, ukikoroga mara moja moja. Hapa wengi wanaingiwa na haraka, wanamimina sukari mapema. Sukari ikitangulia kabla tunda halijalainika, maganda hukakamaa na pektini hubaki imefungiwa humo humo. Subiri mpaka kipande ukikibonyeza kwa mwiko ukutani mwa sufuria kinapondeka bila ubishi.

Hatua ya 3: Kuchuja

Acha lipoe kidogo, kisha pitisha kwenye chungio. La chai ni dogo, utakesha. Tafuta pana, kama lile la kuchujia tui. Mimina kidogo kidogo, sugua kwa mgongo wa upawa, na usisahau kukwangua upande wa chini wa chungio, maana rojo zito kuliko lote linaning'inia huko. Kazi hii inachukua robo saa na mkono utauma.

Najua unachofikiria, kwa sababu nami nilikifikiria: blenda. Mwaka wangu wa kwanza nilisaga mapera na mbegu zake nikidhani chungio litazizuia baadaye. Mbegu zilivunjika vipande vidogo, vikapenya kwenye matundu, na jamu ikatoka kama imemwagiwa mchanga wa ufukweni. Niliigawa bure na bado ilirudishwa.

Hatua ya 4: Kupima

Sasa pima rojo, si mapera. Kwa kila kilo moja ya rojo, weka sukari gramu 750 na vijiko vitatu vya chakula vya maji ya ndimu yaliyochujwa. Kilo 2 za mapera mara nyingi hunipa rojo la kilo 1.6 hivi, kwa hiyo sukari inakuwa kilo 1.2 na ndimu vijiko vitano. Yako yakitoka zaidi au pungufu, piga hesabu upya.

Kuhusu sukari nitasimama kidogo, kwa kuwa kila mtu anataka kuipunguza. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika Tanzania baada ya mvua za El Niño kukwamisha viwanda, mimi nilijifanya mjanja. Nikapika chupa kumi kwa nusu ya sukari, muda ule ule, na kama ilivyokuwa kawaida yangu siku hizo, nikaziweka kabatini bila kuzichemsha baada ya kuzifunga. Ladha ilikuwa nzuri, hata nikajisifu. Kabla wiki mbili hazijaisha, ya kwanza kufunguliwa ilikuwa na utando wa kijivu wenye manyoya, ya pili hivyo hivyo, nikaacha kufungua nikazimwaga zote. Jamu iliyokamilika huwa na sukari karibu asilimia 65 ya uzito wake, ukijumlisha ile ya tunda lenyewe. Sukari hiyo ndiyo inayoyashika maji hata kuvu ikakosa ya kunywa. Ukitaka jamu ya sukari kidogo, pika ya kula wiki hii na iishi kwenye friji. Usiiweke kabatini ukategemea miujiza.

Hatua ya 5: Chupa

Chupa zilizotumika zinafaa kabisa kama mdomo haujamenyeka. Vifuniko ndivyo vya kuchunguza: ule mpira mwembamba wa ndani uwe mzima, pasiwe na kutu, na pasinuke achari. Harufu ya achari haitoki. Nimejaribu magadi, nimejaribu jua. Makopo ya plastiki yaache.

Tandika kitambaa ndani ya sufuria, chini kabisa, panga chupa juu yake, funika kwa maji, chemsha dakika 10, kisha ziache humo humo kwenye maji ya moto. Zinatolewa jamu ikiwa tayari. Chupa baridi ikipokea jamu ya moto inapasuka, na chupa ya moto ukiiweka kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu inapasuka vile vile. Ziweke juu ya ubao au taulo iliyokunjwa.

Wakati huu huu tia sahani mbili kwenye friza. Asiye na friza aweke sahani ielee kwenye maji ya mtungi. Inachelewa kidogo, lakini inatosha.

Hatua ya 6: Moto

Rudisha rojo jikoni, moto mdogo, mwaga sukari yote na koroga mpaka isisikike. Nasema isisikike: ukipitisha mwiko chini ya sufuria, chembe za sukari zinakwaruza. Zikinyamaza, chovya kijiko utazame mgongo wake. Kama hauna chembe, tia ndimu na uongeze moto. Ukipuuza hili, mwezi ujao utakuta mchanga wa sukari ndani ya chupa.

Dakika kumi za kwanza ni povu jepesi linalopanda. Hapo ukubwa wa sufuria ndio unaokuokoa. Kisha povu linashuka, rangi inakolea, na rojo linaanza kuruka. Sitanii. Jamu ya mapera ni nzito kuliko ya nanasi. Mvuke unajikusanya chini, unapasuka, pwaa, na tone linalotua mkononi lina joto kupita la maji yanayochemka, tena linanata, halipanguswi. Nina alama mbili juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Vaa mikono mirefu au jifunge khanga mkononi, watoto wakacheze nje, na bakuli la maji baridi liwe karibu.

Koroga ukifuata sakafu ya sufuria, usizungushe juu juu. Ikishika chini, harufu ya kuungua itaenea sufuria nzima na hakuna ndimu ya kuiondoa. Ikitokea, usikwangue kabisa: mimina ya juu kwenye sufuria nyingine, onja, uamue. Kwa mwenye jiko la mkaa, moto haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe, kwa hiyo panga makaa yajae mwanzoni, na rojo likianza kuruka toa vipande vitatu vinne kwa koleo na uzibe mlango wa jiko.

Kiasi hiki huchukua dakika 25 hadi 35 tangu sukari ilipoyeyuka. Saa isikutawale lakini. Sikiliza: mwanzo sauti ni ya maji, tokotoko za haraka, ikikaribia, mapovu yanakuwa makubwa, machache, mazito, na ukipitisha mwiko katikati njia yake inabaki wazi kwa sekunde moja au mbili kabla ya kufumba.

Hatua ya 7: Jaribio la sahani

Hii ndiyo hatua ninayoirudia mpaka wanafunzi wangu wananiigiza. Ondoa sufuria motoni. Ndiyo, iondoe kabisa. Wanaoacha jamu ichemke huku wakisubiri majibu ya sahani wanaipitisha hatua wakiitazama. Toa sahani baridi, dondosha nusu kijiko, hesabu dakika moja, kisha sukuma tone kwa kidole. Uso ukijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na njia ya kidole isijifunge, imeiva. Kidole kikipita kama kwenye supu, rudisha motoni dakika tatu, ujaribu tena kwa sahani ya pili.

Ikiwa bado ya moto itakuonekea nyepesi. Iamini sahani. Jamu inaendelea kuganda ikipoa, na kwenye chupa inaweza kuchukua siku nzima.

Kuna njia mbili nyingine za kuhakikisha. Mwenye kipimajoto cha jikoni aanze kwa kupima maji yanayochemka hapo hapo kwake, kisha aongeze nyuzi 4 hadi 5. Dar es Salaam hiyo ni nyuzi 104 au 105, lakini kadiri unavyopanda milima maji huchemka kwa joto dogo zaidi, nyuzi moja kwa kila mita 300 hivi. Anayeishi Lushoto au Arusha akisubiri 105 atapata peremende. Mwenye mizani ana njia iliyo rahisi kuliko zote: pima sufuria tupu kabla hujaanza. Rojo kilo 1.6 na sukari kilo 1.2 ni kilo 2.8, vikishuka vikabaki kilo 2 na ushei, kazi imekwisha.

Hatua ya 8: Kujaza na kufunga

Engua povu lililobaki juu (ni tamu, lipake kwenye mkate). Toa chupa, zikung'ute maji, jaza kwa upawa jamu ikiwa bado ya moto kabisa, ukiacha nusu sentimita juu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya moto. Tone moja la jamu hapo linatosha kuzuia kifuniko kisishike. Funga, usikaze kwa nguvu zote.

Sasa rudisha chupa zilizofungwa kwenye sufuria yenye kitambaa, maji ya moto yapite juu ya vifuniko kwa vidole viwili, yachemke. Pwani dakika 10. Kuanzia Morogoro kupanda mpaka Arusha na Iringa dakika 15. Njombe, kwenye baridi yenu, dakika 20. Wapo wanaoruka hatua hii na badala yake wanageuza chupa kichwa chini; kuna siku inafaulu na kuna siku haifaulu, na huwezi kujua ni ipi mpaka ufungue.

Zitoe, zipange mbali na upepo, usizishike. Zikipoa utasikia ting, moja moja, kitovu cha kifuniko kikibonyea ndani. Kesho yake bonyeza kila kimoja kwa kidole. Kinachochezacheza hakikushika, hiyo iende kwenye friji na ianze kuliwa.

Ikikataa

Imebaki maji baada ya siku mbili? Irudishe sufuriani na ndimu moja zaidi, ichemshe kwa nguvu dakika tano, ujaribu sahani. Kama bado, koroga vijiko viwili vya unga wa ubuyu kwenye maji ya uvuguvugu, chuja, utie. Nasema ule unga mweupe mkavu, siyo ubuyu mwekundu wenye sukari na iliki. Ubuyu una pektini na una uchachu, yaani unaleta viwili kwa pamoja, na ndio ninaotumia hata kwa nanasi.

Imekuwa ngumu kama mpira? Umeipika kupita kiasi. Ipashe na maji kidogo, itumie kwenye keki. Haitarudi kuwa ilivyokuwa.

Imeota ukungu? Tupa chupa nzima. Bibi yangu alikuwa anakwangua juu na kula ya chini, na aliishi miaka mingi, lakini kuvu hushusha sumu mahali ambapo jicho halifiki, nami sitaki kumwekea mtu mezani.

Ukishazoea

Nanasi linakubali ukilichanganya nusu kwa nusu na rojo la mapera; hakuna atakayegundua, atasema tu kwamba hili nanasi lako lina kitu. Embe lisiwe dodo lililoiva pekee, tia na bichi. Pasheni ina uchachu mwingi na maganda yake yana pektini, inapatana na karibu kila tunda. Papai ndilo la kuogopa: uchachu wake ni mdogo sana, na ndani ya chupa isiyo na hewa uchachu ndio unaozuia vijidudu vya sumu. Mpaka uwe mzoefu, jamu ya papai ipike kidogo, itie ndimu ya kutosha na uiweke kwenye friji.

Jamu ya mapera iliyofungwa vizuri inakaa mwaka mahali pakavu pasipo na jua, ingawa rangi itafifia kuwa kahawia. Ikifunguliwa, kwenye friji ni mwezi hivi. Asiye na friji ajaze chupa ndogo ndogo za kuisha ndani ya siku chache, na nyumba nzima ijue kwamba kijiko kilicholambwa hakirudi chupani. Andika tarehe kwenye chupa. Ukifikia kutaka kuuza, hapo kuna mambo ya lebo na TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji; anzia kwao kabla hujachapisha stika.

Makapi ya kwenye chungio usiyamwage bustanini. Mimi huwapa kuku, nao wamenioteshea mipera kumi na mmoja nyuma ya banda.